Je, tangazo la "Mali ikishauzwa hairudishwi" lina nguvu gani kwa mteja wa nguo?

#1 Binti Msimbazi (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili jambo hili kwa kina, kwa sababu naamini wengi wetu tumelikubali bila kulihoji. Katika maduka mengi ya nguo ya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Mchikichi, utakuta tangazo ukutani au maandishi chini ya risiti yanayosema "Mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi". Mimi nasema tangazo hilo halina nguvu yoyote kisheria, na kwamba mteja anayerudisha nguo ambayo haijavaliwa, lebo yake ipo na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi ya kielektroniki, anayo mkononi, ana haki ya kurudishiwa fedha zake.

Kilichonifanya niandike ni gauni nililomnunulia mdogo wangu kwa shilingi 65,000. Rangi hakuipenda, na kifuani lilimbana. Niliporudi nalo, kijana wa dukani hakulifungua hata kulitazama. Alinyoosha kidole kwenye tangazo, akaendelea kumhudumia mteja mwingine. Nilipofika nyumbani na kulikagua upya ndipo nikaona kwamba bitana limeachia mshono chini ya kwapa la kushoto, sehemu ya urefu wa kidole kizima. Wenye ujuzi naomba mniambie sheria inasemaje, na kwa nini wafanyabiashara wetu wameshikilia msimamo huu.

#2 Mzee wa Mizigo (Kariakoo)

Pole kwa usumbufu, dada yangu, lakini naomba nitoe upande wa pili kabla hatujahukumiwa sote. Mimi nauza nguo za kike kwa jumla na rejareja. Mzigo wangu unatoka Guangzhou katika kontena tunalochangia wafanyabiashara kadhaa, na nikishaulipia, aliyeniuzia kule hanirudishii hata senti moja, hata kama ndani ya dazeni mna gauni ambazo hazina vifungo. Fedha ya gauni lako haikukaa kwenye droo ikikusubiri ubadili mawazo: imekwenda kwenye kodi ya fremu (chumba cha duka), imekwenda kwa wabebaji, na iliyobaki imeingia kwenye mzigo unaofuata. Kumrudishia kila mtu ambaye rangi haikumpendeza ni kuniambia nifunge duka.

#3 Wakili wa Ilala

Ndugu zangu, mjadala huu utatuchanganya mpaka tutenganishe mambo mawili ambayo Binti Msimbazi ameyaweka katika kapu moja. Kuna nguo ambayo huitaki, na kuna nguo yenye kasoro, na sheria haiyatazami mambo haya kwa jicho moja.

Kwa Tanzania Bara, sheria ya msingi ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo haimpi mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa kwa sababu tu amebadili mawazo, rangi haikumpendeza au kipimo alichokichagua mwenyewe kimembana. Akirudisha na kupokelewa, amepokelewa kwa hisani ya mwenye duka au kwa utaratibu ambao duka lenyewe limejiwekea.

Kwenye kasoro hali ni tofauti kabisa. Sheria inachukulia kwamba katika mauzo ya bidhaa kwa maelezo yake, kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kuna sharti kwamba bidhaa iwe ya ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakuna aliyelitamka sharti hilo. Lakini kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui: ikiwa mnunuzi aliikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo swali la kwanza ningemuuliza dada ni hili: je, bitana hilo lilionekana alipolishika gauni dukani?

#4 Binti Msimbazi

Ahsante, wakili. Gauni lilikuwa limevalishwa sanamu, kijana akanitolea jingine la aina hiyo likiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nililitoa, nikalipima kwa macho begani na kiunoni, nikalipa. Dukani hapakuwa na chumba cha kujaribia, na sidhani kama kuna mteja Kariakoo anayegeuza gauni ndani nje huku watu wakimsukuma mgongoni.

#5 Wakili wa Ilala

Basi una hoja nzuri. Umenunua kwa kutazama lile la kwenye sanamu, na bitana lilikuwa ndani, mahali ambapo ukaguzi wa kawaida wa dukani haufiki.

Iko kesi moja maarufu inayohusu nguo hasa. Mwaka 1931 daktari mmoja wa mji wa Adelaide, Australia, aitwaye Grant, alinunua nguo za ndani za sufu dukani, akazivaa, akapata ugonjwa mbaya wa ngozi kwa sababu ya mabaki ya kemikali yaliyobaki kwenye kitambaa kiwandani. Kesi ilifika Baraza la Faragha la London, ambalo wakati huo lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Australia, mwaka 1935, naye akashinda, kwa sababu kemikali ile isingeweza kuonekana kwa jicho la mnunuzi anayekagua nguo kwa kawaida. Kesi hiyo inafundishwa hadi leo katika vyuo vyetu vya sheria, na msingi wake ndio ninaokueleza: kasoro iliyofichika haifutwi na ukweli kwamba uliishika nguo kabla ya kulipa.

#6 Nyambura wa Toi (Nairobi)

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya tumeshavuka hatua hiyo. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa taarifa, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Kisha tunayo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, ambayo inampa mnunuzi siku 7 za kurudisha chochote alichonunua, hata nguo ambayo haikumpendeza.

#7 Karani wa Milimani (Nairobi)

Nyambura, kwenye Katiba nakuunga mkono, lakini kwenye siku 7 naomba nikusahihishe, kwa sababu mtu anaweza kwenda dukani na kauli hiyo akaaibika. Siku hizo zinahusu makubaliano yanayofanyika mtandaoni, na hata huko zinahesabiwa tangu mnunuzi apokee nakala ya makubaliano, ikiwa muuzaji hakutoa taarifa zinazotakiwa au hakumpa nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa kabla ya kulipa. Hazimhusu mtu aliyeingia dukani kwa miguu yake, akachagua sketi, akalipa na kuondoka nayo. Huyo wa dukani analindwa na kanuni nyingine ya sheria hiyohiyo, kwamba muuzaji anachukuliwa kuwa ameidhamini bidhaa kuwa na ubora unaofaa kuuzwa. Kwa maneno mengine, tumerudi palepale alipotufikisha wakili: kasoro ndiyo, kubadili mawazo hapana.

Mahali ambapo Kenya kweli imepiga hatua ni njia ya kudai. Tunayo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi hapa Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, mdai anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Mtu mwenye koti lililochanika mshono leo ana mlango wa kubisha ambao zamani hakuwa nao.

#8 Mama Salma (Leicester)

Salamu kutoka Uingereza. Nimeona watu huwa wanatutolea sisi mfano, kwamba Ulaya unarudisha nguo na kupewa fedha bila maswali, kwa hiyo naomba niweke jambo hili sawa. Hata hapa, nguo uliyoinunua ukiwa dukani, isiyo na kasoro yoyote, huna haki ya kisheria ya kuirudisha. Maduka makubwa yanapokea kwa sababu yameamua yenyewe, yanashindana kuvuta wateja, na kila duka lina siku zake na masharti yake.

Haki za kisheria ziko mahali pawili. Ukinunua kwa mtandao au kwa simu, kanuni za mwaka 2013 zinakupa siku 14 tangu upokee mzigo za kusema huutaki, bila kutoa sababu, isipokuwa vitu kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako. Na nguo ikiwa na kasoro, Sheria ya Haki za Mtumiaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kuikataa na kudai fedha zako zote. Sababu ya kutofautisha mtandao na duka ni kwamba mtandaoni hukuishika nguo wala kuijaribu. Kwa hiyo ile picha ya mzungu anayerudisha suruali huku akichekewa na keshia ni ya kweli, ila imeletwa na ushindani wa biashara kuliko sheria.

#9 Mzee wa Mizigo

Mama Salma, Mungu akubariki kwa kusema kweli. Hayo maduka yenu yana mtaji wa kumeza hasara ya nguo mia kwa siku, na mengine yanamrudishia mwenye kiwanda. Mimi fremu yangu ni ya mita tatu kwa nne.

#10 Kijana wa Kaunta (Mchikichi)

Naomba nami niseme, kwa kuwa nimeajiriwa katika duka la nguo na mara nyingi ndiye ninayetukanwa. Watu wanadhani tunakataa kwa ukatili. Ukweli ni kwamba kila jioni mwenye mali anakuja kuchukua hesabu: anahesabu nguo zilizobaki kwenye henga, anazitoa kwenye idadi ya asubuhi, anazidisha kwa bei, na fedha lazima zilingane. Nikimrudishia mteja shilingi 65,000 bila idhini, usiku ule hesabu haifungi, na fedha hiyo inakatwa kwenye mshahara wangu. Bosi hapokei simu ovyo anapokuwa safarini. Kwa hiyo ninaponyoosha kidole kwenye tangazo, ninaonyesha mpaka wa mamlaka yangu. Dada Binti, ukienda mwenye duka akiwepo, huenda ukapata jibu tofauti.

#11 Mama Boutique (Mwanza)

Nimesoma maelezo yote, lakini sababu kubwa hakuna aliyeitaja, nayo ni wateja wanaovaa nguo na kuirudisha. Niliwahi kupokea gauni la mtoko lililorudishwa siku ya Jumatatu, likiwa limekunjwa vizuri na lebo yake ikining'inia. Nilipolisogeza dirishani penye mwanga niliona poda ya usoni kwenye ukingo wa shingo, mstari mweupe wa chumvi ya jasho chini ya makwapa, na ile kamba ya plastiki ya lebo ilikuwa imekatwa na kuunganishwa kwa uzi mweusi. Harufu ya udi ilikuwa imeingia mpaka kwenye bitana. Jumamosi yake palikuwa na harusi kubwa hapa mjini. Tangu hapo nabadilisha saizi tu, ndani ya siku mbili, na ninaikagua nguo mbele ya mteja mwenyewe. Fedha sirudishi.

#12 Nyambura wa Toi

Mama Boutique, hiyo ni haki yako kuikataa, lakini usiwahukumu mia kwa kosa la mmoja. Mteja mwaminifu naye anaumia. Na wewe Karani, ahsante kwa masahihisho; la siku 7 nimelipata.

#13 Mhasibu Mkimya (Arusha)

Kuna sababu nyingine ya kitaalamu ambayo wateja hawaioni. Muuzaji akishatoa risiti ya EFD, mauzo yale yameshaingia katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato (TRA), na kama amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 18 ndani ya bei ile tayari inahesabiwa kuwa ni kodi anayodaiwa. Mteja akirudishiwa fedha taslimu mkononi bila kumbukumbu yoyote, mfanyabiashara atalipa kodi ya mauzo ambayo hayapo. Naamini hofu hii ndiyo inayowafanya wengi waseme "tukishatoa risiti basi".

#14 Wakili wa Ilala

Mhasibu, hofu hiyo naielewa, lakini haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mteja haki yake. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inaruhusu marekebisho pale mauzo yanapofutwa au bidhaa inaporudishwa, kwa kutoa hati ya marekebisho na kutunza kumbukumbu. Ni kazi ya ziada, nakubali, na mwenye duka dogo asiye na mhasibu ataiona ni mlima. Lakini njia ipo.

#15 Mhasibu Mkimya

Njia ipo, wakili. Nilichosema ni kwamba wengi hawaipiti, na nimeshuhudia wafanyabiashara wakipendelea kugombana na mteja kuliko kueleza kwa ofisa wa kodi kwa nini mauzo ya mwezi yamepungua.

#16 Ustadh wa Mkunazini (Zanzibar)

Assalaam alaykum. Nina mambo mawili. La kwanza ni la kisheria: wakili amesema "Tanzania Bara" naye amesema vyema, kwani wengi hudhani kwamba Tume ya Ushindani ya Bara, inayopokea malalamiko ya wateja, ndiyo inayosimamia hata maduka ya Darajani. Zanzibar tuna sheria yetu na tume yetu ya ushindani halali wa biashara, kwa hivyo mteja wa huku apeleke malalamiko yake huku.

La pili ni la dini, kwa sababu wauzaji wengi wa pwani ni Waislamu na jambo hili wamelisoma tangu chuoni. Fiqhi inatambua hiari katika mauzo. Muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja mauzo kabla hawajaachana pale walipouziana, kwa rai ya mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu. Wanaweza pia kuwekeana sharti la hiari kwa muda usiozidi siku tatu. Na kuna hiari ya aibu, yaani kasoro iliyokuwemo kabla ya kuuza ambayo mnunuzi hakuijua. Hapo mnunuzi ana haki ya kurudisha. Kwa yule aliyejuta tu, asiye na kasoro ya kuonyesha, kuna ikala: muuzaji halazimiki, lakini akikubali kupokea, mafundisho ya Mtume yanamuahidi kusamehewa makosa yake. Mfanyabiashara anayebandika tangazo la kufunga milango yote hii, hata mlango wa kasoro, ajiulize.

#17 Mzee wa Mizigo

Shehe, hilo la kasoro silipingi, na sijawahi kumuuzia mtu nguo mbovu nikijua. Hilo la ikala pia nalijua, na kwa mteja wangu wa siku zote nalifanya. Ninachokataa ni kulazimishwa kwa kila mpita njia.

#18 Mpemba wa Muscat

Kwa taarifa tu, Oman ina Mamlaka ya Kumlinda Mtumiaji tangu mwaka 2011, na sheria yake ilitolewa kwa Amri ya Kifalme namba 66 ya mwaka 2014. Nguo yenye kasoro unabadilishiwa au unarudishiwa fedha, na wenye maduka wanaiogopa mamlaka hiyo kwa sababu inapita madukani. Ila hata huku swali la kwanza utakaloulizwa ni "ina kasoro gani?".

#19 Chaguo la Kwanza (Karume)

Naona mmetusahau watu wa mitumba, na ndiko wengi wanakonunua. Belo likifunguliwa, mimi mwenyewe sijui kilichomo. Nauza kwa kuangalia, mteja anaishika, anaipepea juani, anaangalia kola na magoti, tunapatana bei. Akirudi kesho kusema kuna tundu la nondo, nitamjibu kwamba sote wawili tulikuwa na macho. Huwezi kuipima kwa sheria moja na nguo mpya ya kwenye mfuko.

#20 Wakili wa Ilala

Na sheria yenyewe inakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mteja wako anakagua kweli, tena juani. Ubora unaofaa kuuzwa wa shati la mtumba la shilingi 3,000 hauwezi kuwa sawa na wa shati jipya la shilingi 40,000. Lakini ukimwambia mteja kwamba koti ni la ngozi halisi nalo likawa plastiki, umeuza kwa maelezo yasiyo ya kweli, na hapo umtumba haukuokoi.

#21 Mteja wa Mtandaoni (Dodoma)

Je, sisi tunaonunua kwenye kurasa za Instagram? Nililetewa gauni ambalo kwenye picha lilikuwa la hariri ya kijani iliyokolea, likafika la nailoni nyepesi, la rangi ya majani machanga. Muuzaji akasema mwanga wa kamera ndio uliodanganya, na mzigo ukishapakiwa kwenye basi haurudi.

#22 Karani wa Milimani

Huo ndio mfano safi wa kuuza kwa maelezo. Hukuliona gauni, uliliamini neno na picha yake, na bidhaa isipolingana na maelezo unayo haki ya kuikataa, iwe Kenya au Tanzania, kwa sababu sheria zetu za mauzo zote mbili zimetoka chungu kimoja.

#23 Wakili wa Ilala

Naongezea hapo. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, yenye sehemu nzima ya kumlinda mlaji, na inamtaka muuzaji wa mtandaoni aweke wazi jina lake, anwani yake, maelezo ya bidhaa na bei kamili. Ukurasa wenye namba ya simu peke yake, bila jina wala mahali, tayari umekwenda kinyume. Tatizo ni kwamba mteja anatafuta mambo hayo baada ya kulipa.

#24 Nyambura wa Toi

Huku kwetu wengine wanajitibu kwa kuomba M-Pesa irudishwe, wanatuma ujumbe kwenda 456 wakidai walikosea namba, ilhali nguo wanayo nyumbani.

#25 Mama Boutique

Huo ni wizi, dada, na ndio unaotufanya tuwe wakali. Huduma ile imewekwa kwa aliyekosea namba, si kwa aliyekosea rangi. Naomba turudi kwenye tangazo, maana ndilo swali la mwenye uzi.

#26 Mchumi wa Mtaani (Morogoro)

Nilikuwa nasubiri mtu aguse suala la bei. Maduka yanayokubali kurudisha nguo ni yale yenye bei iliyoandikwa, isiyopunguzwa. Kariakoo unaambiwa 90,000, unashusha mpaka 65,000. Ule mshuko una maana yake: muuzaji amekubali faida ndogo ili mauzo yaishe hapohapo. Mteja anayetaka bei ya kupatana na papo hapo anataka haki ya kurudisha anataka vitu viwili kwa bei ya kimoja. Duka lenye bei kamili limeshaweka gharama ya nguo zitakazorudi ndani ya bei hiyo.

#27 Kijana wa Kaunta

Sikubaliani, mkuu. Hata yule ambaye hakuomba apunguziwe anakataliwa vilevile.

#28 Wakili wa Ilala

Kuhusu tangazo, naomba niwe mwangalifu, kwa sababu hata sisi mawakili hatukubaliani. Sheria ya mauzo yenyewe inaruhusu pande mbili kuondoa kwa makubaliano yale masharti yanayochukuliwa kuwamo, kwa hiyo muuzaji anaweza kudai kwamba tangazo ukutani ni sehemu ya makubaliano. Lakini lazima mteja awe ameliona au amepewa nafasi ya kuliona kabla ya kulipa. Kesi ya Uingereza ya mwaka 1949, Olley dhidi ya Marlborough Court, ilihusu hoteli iliyobandika tangazo la kukana dhima ndani ya chumba, na mahakama ikasema mgeni alikuwa ameshafunga mkataba mapokezi. Kwa mantiki hiyo, maandishi ya chini ya risiti, ambayo unakabidhiwa baada ya fedha kutoka mkononi, yana nguvu ndogo sana.

Kisha kuna Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kutoa kauli ya uongo au ya kupotosha kuhusu haki, dhamana au nafuu aliyonayo mteja. Kwa maoni yangu, tangazo linalosema hairudishwi kwa hali yoyote, wakati mwenye nguo yenye kasoro ana haki, linapotosha. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani, yaani FCC.

#29 Karani wa Milimani

Kwetu ni kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, chenye maneno yanayofanana na hayo. Hata hivyo mwenye duka anaweza kujibu kwamba tangazo lake lilikuwa linawalenga waliobadili mawazo tu, na hakimu akamwelewa. Ndiyo maana nasita kusema kwamba tangazo ni batili moja kwa moja, kama alivyosema mwenye uzi.

#30 Binti Msimbazi

Nimerudi na taarifa. Nilifuata ushauri wa Kijana wa Kaunta, nikaenda mwenye duka akiwepo, nikamwonyesha bitana bila kutaja rangi. Alilipeleka mlangoni penye mwanga, akavuta mshono kwa vidole, akasema atanibadilishia na jingine la saizi kubwa, ila fedha hatoi, na kasoro ile huenda ilitokea mdogo wangu alipolivaa kwa nguvu. Nimelichukua lile jingine kwa kuwa lilimtosha. Hata hivyo msimamo wangu sijaubadili: kama kasoro ilikuwepo, uchaguzi kati ya nguo na fedha ulipaswa kuwa wangu.

#31 Wakili wa Ilala

Kwa sheria ya mauzo, ulipaswa kuwa wako, mradi hukukaa nalo muda mrefu kupita kiasi bila kumjulisha. Ukikaa kimya sheria itachukulia umelipokea, na hapo utabaki na dai la fidia tu. Kwa faida ya wengine: unapoona kasoro, acha kuitumia nguo, usiifue wala kuipeleka kwa fundi, ipige picha, mjulishe muuzaji kwa ujumbe wenye tarehe.

#32 Mzee wa Mizigo

Nimewasikiliza wote, na nitabadilisha maandishi yangu. Nitaandika kwamba saizi inabadilishwa ndani ya siku tatu, nguo ikiwa na lebo na risiti, na fedha hairudishwi isipokuwa penye kasoro. Lakini nijibuni hili: kasoro ataithibitisha nani? Mwenye duka la dada Binti amesema bitana liliachia kwa kuvaliwa, na dada anasema lilikuja hivyo. Mimi nitajuaje?

#33 Fundi wa Tandika

Hilo naweza kulisaidia, mzee wangu, kwani ndiyo kazi ninayoletewa kila siku. Geuza nguo ndani, utazame matundu ya sindano pale mshono ulipoachia. Nguo ikiwa imevaliwa kwa nguvu, kitambaa chenyewe kinakuwa kimevutika, matundu yamepanuka na kuwa marefu, nyuzi za kitambaa zimesogea, na mara nyingi utakuta uzi wa kushonea umekatika katikati huku ncha zake zikiwa zimechambuka. Mshono ukiwa mbovu tangu kiwandani, matundu yanabaki madogo na ya mviringo, uzi unachomoka mzima ukiuvuta kwa sababu fundi hakurudisha sindano mwishoni, au utakuta cherehani imeruka na mahali pengine hapana matundu kabisa. Kuna na jambo la tatu, ambalo ni gumu zaidi kuamua: posho ya mshono, yaani ukingo wa kitambaa unaobaki nje ya mshono, ikiwa ndogo sana, milimita tatu au nne, kitambaa kitachomoka hata kwa mtu aliyevaa taratibu. Hapo mteja atasema ni kiwanda, mwenye duka atasema ni mwili, na nguo yenyewe inaonyesha dalili za yote mawili. Dada Binti, kama hukupiga picha ya matundu kabla hujalirudisha, sasa hakuna anayeweza kukuamulia.

#34 Binti Msimbazi

Picha ninazo, fundi, nilizipiga usiku ule ule. Naziweka hapa kesho asubuhi nikipata mwanga wa kutosha kwenye kompyuta ya ofisini, ili wewe na Mzee wa Mizigo mzitazame.